Bekapu Iliyokwenda Harusini

Mwanaasha mke wa Issa alikuwa ameshaazimisha mabirika mawili, sinia la shaba la mama mkwe wake, na viti vyote vya nyumba isipokuwa kile kibovu, ambacho alikuwa amekikalia mwenyewe kwa hadhari kama kuku aliyeatamia mayai ya watu. Dija wa Bi Shufaa anaolewa, nyumba ya pili tu kutoka kwao, na mtaa mzima ulikuwa umehamia huko: majamvi, masufuria, feni, hata mlango wa stoo ya mtu mmoja ulikuwa umeng'olewa ukawa meza ya kupangia sahani. Mwanaasha alidhani zamu yake imekwisha. Hodi ikapigwa, na aliyeipiga alikuwa ameshaingia.

"Shikamoo, Bi Shufaa. Karibu tena."

"Marahaba, mwanangu. Ya mwisho hii, wallahi. Yule kijana wa video anasema kidude chake cha kumwagia picha kimejaa, na Ijumaa hii maduka yote yamefunga. Nikamwambia tulia, jirani yangu mumewe fundi kompyuta, hakosi."

Mwanaasha akatazama juu ya kabati. Pale, nusu kimefunikwa na kitambaa cha kufuma, kilikuwepo kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Issa alikuwa amerudi nacho kutoka kazini, akakiweka bila neno, akaenda kusali Ijumaa na kutoka hapo akapitiliza gereji kuangalia gari la safari. Vidude vya namna hiyo Mwanaasha alivijua. Walikuwa nacho kimoja zamani, kimejaa filamu za mapigano.

"Sijui kama kina kazi," akasema. "Tumngoje Issa nimuulize."

Chumba cha ndani kikakohoa. Alikuwa Bi Hajra, mama yake Issa, ambaye miguu ilimgomea lakini masikio yalimzidi paka.

"Umuulize nini? Nyumba hii tangu enzi za marehemu haijamnyima jirani mwenye shughuli. Siku nikifa mie, nani atakuja kunichotea maji? Hicho kidude?"

Mwanaasha akakishusha, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, maana kitu cha kuazimisha kikitoka kichafu aibu ni ya mwenye nyumba, akakikabidhi kwa mikono miwili.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, simu yake ikaita.

"Asha," Issa akasema kutoka gereji, nyuma yake mtu akigonga chuma. "Juu ya kabati kuna kitu cheusi. Usikisogeze, usikipanguse, usikifanye lolote. Safari ya Vigwaza yote imo mle. Kipo?"

Mwanaasha akakitazama kile kitambaa cha kufuma, kilivyolala kimenyooka kama shuka la mgonjwa aliyeruhusiwa.

"Kipo," akasema.

Hakudanganya. Kitu kikiwa duniani, kipo.

* * *

Habari ya Vigwaza aliijua, maana ilikuwa imelala nao chumba kimoja miezi kadhaa. Hospitali ya hisani aliyofanyia kazi Issa ilikuwa imefungua zahanati kule, kando ya barabara kuu, na kompyuta za kule hazikuwa na akili zake zenyewe. Nesi akiandika jina na paswedi, kompyuta inauliza kwanza huku Bagamoyo, hospitali kuu: huyu mnamjua? Aliyejibu ni mashine moja tu, inaitwa domeni kontrola, jina ambalo ukilitamka haraka unaonekana umesoma. Laini ya mtandao kati ya huku na huko ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Ikikatika, mashine haijibu, nesi haingii, na mgonjwa anatazamana na nesi mpaka mmoja wao apone.

Issa ndiye aliyesema iwekwe ya pili kule kule Vigwaza. Lakini mashine mpya lazima ifundishwe majina yote ya zamani, na kuyapitisha kwenye ule uzi ingekuwa kama kumtajia mtu majina ya mtaa mzima kwa simu inayokatika kila ukifika herufi B. Akasema atapiga bekapu, nakala nzima ya ile ya Bagamoyo, aitie kwenye disiki, aibebe kwa gari, na mashine mpya inyonye kutoka humo. Laini ibaki na kazi ya kupeleka habari mpya tu, nani kaajiriwa, nani kahama. Mkurugenzi, Bwana Abdulwahab, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vigwaza ikisimama, Issa, hii mikataba ya vipande vipande tutaiacha. Tutakuajiri."

Neno hilo lilikuwa limeshaezeka paa upya, limeshamtibu Bi Hajra presha, na limeshanunua kitanda. Vyote hivyo mdomoni, lakini watu wa mkataba huishi mdomoni mpaka siku ya siku.

Mwanaasha akavaa baibui, akatoka bila kuaga.

* * *

Uani kwa Bi Shufaa wanawake walikuwa wamekaa duara wakimenya vitunguu saumu. Mwanaharusi, shangazi wa bibi harusi, alikuwa katikati kama mwamuzi wa mpira.

"Mke wa Issa huyo. Njoo ushike kisu, mkono wako tumeukosa."

"Nakuja, shangazi. Namwona Bi Shufaa kidogo."

Bi Shufaa akatoka jikoni na moshi wake. Mwanaasha akamsogelea sikioni, lakini uani kwenye shughuli hakuna mnong'ono. Kuna maneno yanayosemwa taratibu ili yasikike vizuri zaidi.

"Kile kidude, Bi Shufaa. Issa anakihitaji."

Vitunguu vikaacha kumenywa.

"Anadai chake?" akauliza Mwanaharusi, akiwauliza wengine wote isipokuwa mwenyewe. "Bibi harusi hata ndani hajatoka, vyombo vimeanza kurudi kwao. Basi mtoleeni na sinia lake la shaba, pilau tutaila viganjani."

"Si hivyo, shangazi. Ni kitu cha kazini."

"Cha kazini. Na video ya mtoto wetu ni ya mchezoni."

Wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya sana. Kibaya kilikuwa uso wa Bi Shufaa, ambao haukucheka.

"Si nilikuuliza, mwanangu?"

"Uliniuliza."

"Ukanipa."

"Nilikupa."

"Ungesema kinatakiwa nisingekigusa. Leo umenisimamisha mbele za watu kama niliyeiba." Akajipangusa mikono kwenye kanga, pole pole, kidole kwa kidole. "Anacho Kombo wa video, yuko studio kwake. Mwambie nimekuruhusu."

Mwanaasha akashukuru, akatoka, ameruhusiwa kuchukua chake. Mgongoni alisikia Mwanaharusi akiuliza kama na lile birika lenye chai waliwahishe kabla halijafuatwa.

* * *

Studio ya Kombo ilikuwa karibu na stendi, chumba kimoja chenye pazia jekundu la kupigia picha za pasipoti na kompyuta moja iliyoifanyia kazi nusu ya mji. Vijana walikuwa wamepanga foleni na flashi zao, huyu anataka nyimbo, huyu filamu iliyotafsiriwa, na kila mmoja akifika alijichomekea mwenyewe kama mtu anayejichotea maji kisimani. Kombo alikuwa na kamera shingoni. Alisoma na Issa madrasa moja.

"Shemeji, karibu. Hujaenda kumenya vitunguu?"

"Nimefuata ile disiki."

"Ile ya Issa. Aisee, ilikuwa na vitu ndani, ujue. Vizito, majina yake kama dawa za kuulia mende."

Mwanaasha akashika ukingo wa meza. "Umevifuta?"

Kombo akavua kamera shingoni, akaiweka chini, na akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Shemeji. Mie nifute vitu vya mtu? Hiyo amana. Nimevihamishia kwenye mashine yangu kwanza, ndipo nikamwaga picha za Dija akisuguliwa singo. Ukitaka nakurudishia sasa hivi, kimoja kimoja."

Mwanaasha akakaa kwenye kigoda cha watu wa pasipoti, mbele ya pazia, na kama kuna mtu angempiga picha wakati ule ingekataliwa ubalozi wowote. Kombo akaichomeka disiki, na kimstari cha kijani kwenye kioo cha kompyuta kikawa kinatambaa. Mwanaasha alikisomea kila dua aliyoijua, na alipozimaliza akarudia zile fupi. Kijana mmoja akamwomba asogee kidogo, anataka kuchomeka flashi.

"Tayari," akasema Kombo. "Vimetimia vyote, nimelinganisha mwenyewe. Mwambie na Issa, fundi mzima, awe anaweka nakala mbili mbili. Disiki hizi hazina rafiki."

"Na video ya Dija?"

"Nitakuwa nakuja kumwaga hapa kila kadi ikijaa. Nitakimbia tu, nipunguze kitambi."

Mwanaasha akamnunulia soda ya baridi, akarudi nyumbani ameukumbatia mkoba kifuani.

* * *

Laiti Mungu angempa mdomo wa kufungika, hadithi ingeishia hapo na sisi sote tungekwenda zetu harusini. Issa alirudi baada ya magharibi, akaikuta disiki juu ya kabati chini ya kitambaa chake, akaitia ndani ya begi la safari. Akanawa mikono, wakakaa kula. Lakini Mwanaasha alikuwa mtu wa kuchekesha, na hofu ikishapita mtu wa kuchekesha huiona ni mali. Akiiweka kabatini inaoza. Akawasimulia. Akamwigiza Mwanaharusi na shingo yake, akaigiza vitunguu vilivyoacha kumenywa, akajiigiza mwenyewe mbele ya pazia jekundu. Bi Hajra alicheka mpaka akapaliwa. Issa alikunja uso aliposikia imeazimishwa, lakini naye akashindwa, akacheka.

"Basi nikajua keshafuta. Kumbe maskini ya Mungu kavihamisha, kavitunza."

Issa akaacha kucheka.

"Kavihamishia wapi?"

"Kwenye mashine yake. Halafu akavirudisha vyote, nimemsimamia."

Issa akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Heri angevifuta," akasema.

"Nini?"

"Angevifuta, Asha, ningekwenda ofisini nikapiga bekapu nyingine, kesho kutwa ningekuwa Vigwaza. Kufuta si kitu." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayehesabia mwenzake fedha. "Mle mna majina na paswedi. Za kila mtu, Mkurugenzi, madaktari, famasi, wote. Zimeandikwa kwa mafumbo ya mashine, lakini mwenye nia na kompyuta nzuri anayafumbua. Na akishafumbua, anaingia popote kama yeye ndiye daktari."

"Si ungetia kufuli?"

"Ningetia. Niliona inachelewesha." Akafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Na ilitakiwa ilale kwenye sefu ya Mina mhasibu. Mina Ijumaa anaondoka mapema, nikasema nailaza nyumbani, nani atakuja kuiiba."

"Haijaibiwa," akasema Bi Hajra kutoka pembeni. "Imeazimwa."

Issa akapiga simu kwa Kombo, akaiweka sauti wazi. Huko nyuma kulikuwa na vigelegele.

"Kombo, ndugu yangu, vile vitu vyangu bado vipo kwenye mashine?"

"Vipo, usihofu."

"Vifute."

"Vyote? Una uhakika? Haya, nikirudi navifuta. Ila hata nikifuta hapa huwezi kupata hasara, kaka. Mashine yangu kila kinachoingia inakipandisha mtandaoni yenyewe. Tangu zipotee zile harusi mbili za Mbegani nimeapa. Kuna yule mwenzangu wa Dar anayenikatia video, na vijana wake, wote wanakichukulia huko huko. Kwa hiyo vyako viko salama sehemu tatu."

Issa akamshukuru. Sijui ungemwambia nini kingine mtu aliyekutunzia mali yako sehemu tatu.

* * *

Pilau ilipoa. Mwanaasha ndiye aliyeanza.

"Kombo hajui ni nini."

"Hajui."

"Na hao wa Dar wanajua harusi tu. Wataona ni takataka, watafuta."

"Huenda."

"Basi nani atasema? Mimi sisemi. Mama hasemi. Utakwenda Vigwaza, utasimamisha hiyo mashine yako, utaajiriwa. Na paswedi watu hubadilisha wenyewe."

"Hawabadilishi, Asha. Nesi mkuu ya kwake ni jina la paka wake tangu paka yuko hai."

"Issa, wewe ukitoka pale, tunakwenda wapi? Dawa za mama tunazipata kwa sababu ya jina lako. Mkataba ukikatwa, nitauza nini, maandazi? Mtaa huu kila mlango unauza maandazi, tunauziana wenyewe."

Issa akasema, "Nikikaa kimya, na mtu akaingia, ataona nini? Faili za wagonjwa. Basi."

Alisema basi kama kitu kidogo. Mji huu Mwanaasha aliujua. Alijua mtu akisikia jambo la mtu asubuhi sokoni, adhuhuri limeshafika Makurunge na limenenepa njiani. Alijua pia ni nani amelala ndani ya zile faili: Dija, anayepakwa hina muda ule ule, alikuwa amepimwa pale kabla ya posa kujibiwa, na majibu yake ni yake. Na kulikuwa na faili jingine, la mwanamke aliyelazwa mara mbili, mara zote mbili akatoka mikono mitupu, na mtaa ukaambiwa ni malaria. Bi Hajra mwenyewe hakujua. Alikuwa angali akiwaombea kila swala mjukuu wa kwanza.

Akamtazama mumewe. Issa alikuwa anatazama sahani, kwa adabu, asije akaonekana amemkumbusha.

"Mpigie," Mwanaasha akasema.

"Nani?"

"Mkurugenzi. Mpigie kabla sijabadili mawazo."

Simu ikapokelewa mlio wa kwanza. Siku za kheri utaita mpaka salio likuhurumie, lakini habari mbaya haikosi mtandao.

* * *

Asubuhi Mwanaasha alivaa baibui lile jipya alilokuwa amelitenga kwa harusi, akaenda nalo hospitalini, kwa sababu Mkurugenzi alitaka kusikia kwa kinywa chake. Ukumbini wafanyakazi walikuwa wamepanga foleni mbele ya meza ya Issa kubadilisha paswedi, kuanzia madaktari mpaka mzee Bwanausi wa getini. Issa macho yalikuwa mekundu, hakuinua kichwa.

"Mie yangu ilikuwa jina la mwanangu," akalalamika nesi mmoja. "Sasa niweke la nani?"

"Weka la mke wa Issa," akasema wa nyuma yake. "Hilo hutalisahau maisha."

"Kumbe ndiye? Nasikia kaiazimisha hospitali kwenye harusi."

"Afadhali harusi. Ingekuwa maulidi tungekuwa tumeshagawanywa na halua."

Mwanaasha akapita katikati yao akisalimia, shikamoo kwa wakubwa, habari kwa wenziwe, na wote walimwitikia vizuri kabisa. Hilo nalo lilimuuma.

Bwana Abdulwahab alimvutia kiti yeye mwenyewe, akamtilia maji. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Mwanaasha angependelea afokewe.

"Mama, sikukuita kukugombeza. Nataka tu kujua kimepita mikono ya nani."

"Mimi. Bi Shufaa. Kombo. Baada ya hapo sijui."

"Issa anasema mama yake naye alikuwepo."

"Mama mgonjwa wa miguu. Aliyekitoa ni mimi."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Issa aliyesimama mlangoni. "Ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

"Hilo nitaliandika, kwamba umesema mwenyewe. Lakini bodi hawataniuliza ulisemaje. Wataniuliza kilitokaje nje, na jibu ni wewe. Sina la kuwaambia, Issa. Nimelitafuta tangu jana. Vigwaza usimamishe kwanza. Hapa hakuna mwingine anayeijua kazi hiyo, na wagonjwa wa kule hawana kosa. Piga bekapu mpya, itie kufuli. Mina ataibeba. Ikishasimama, nipigie, jina lako tutalifunga."

"Aliyekosa ni mimi," Mwanaasha akasema, "mnamfukuza yeye."

"Mama, wewe huna jina humu. Siwezi kulifunga."

Jina alikuwa nalo. Faili lilikuwa chumba cha tatu kutoka pale walipokaa. Mwanaasha akayanywa yale maji, akasema ahsante.

* * *

Walikwenda Jumatano. Mina alikaa kiti cha mbele na mkoba mapajani, disiki ndani ya mkoba, mkanda wa gari umefungwa juu ya vyote viwili, na Issa akakaa nyuma na waya zake kama mtu anayepelekwa posa asiyoitaka. Walipotaka kushuka kunywa chai Mlandizi, Mina alishuka na mkoba. Alipoingia msalani, aliingia nao. Alimwomba radhi Issa, akasema ameagizwa. Issa akamwambia hakuna neno.

Mwanaasha alibaki nyumbani akichagua mchele. Bi Hajra alikuwa ameomba asogezwe barazani, akakaa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo halijapata kutokea. Mara moja tu alisema, bila kumtazama mtu, "Mie ndiye niliyesema apewe." Mwanaasha akamwambia, "Mama, kunywa dawa yako." Vilikuwa vimebaki vidonge vya wiki ile tu.

Simu ikaita jua likiwa limeshaanza kuinama.

"Imesimama," Issa akasema.

"Imesimama vipi?"

"Imeinyonya bekapu yote, ikayasoma majina, halafu ikachukua habari mpya kwenye laini. Nikachomoa waya wa Bagamoyo."

"Ukachomoa?"

"Kuijaribu. Nesi akaandika jina lake, akaingia. Kulikuwa na mtu kaumwa na nge, kahudumiwa, kaenda zake kwao. Hajui hata kama kuna lililotokea."

"Alhamdulillahi."

"Nikarudisha waya. Nikampigia Mkurugenzi. Akasema haya, analifunga. Nikaandika jina langu hapa, nikaingia."

Mwanaasha akaacha kuchagua mchele. "Kwa hiyo hakulifunga? Kabadili?"

"Kalifunga kule. Habari ilikuwa haijafika huku, laini nyembamba. Mina akasema twende, nikamwambia ngoja. Nikajaribu tena, nikaingia. Nikanywa chai ya nesi. Nikajaribu tena."

Mwanaasha alisikia malori ya barabara kuu yakipita nyuma ya sauti yake, moja, halafu jingine.

"Ikakataa," Issa akasema. "Nikafuta, nikaandika upya herufi moja moja, nisije nikawa nimekosea mimi. Ikakataa. Inafanya kazi, Asha. Nimeijaribu kwa kila mtu na imepatia kwa kila mtu."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza mtoto kazaliwa, na ilikuwa inatetemeka kama ya anayetangaza msiba. Mwanaasha alitafuta neno. Lugha nzima hii, na kwa jambo kama hilo alikuta maneno mawili tu, nayo hayakai nyumba moja.

"Pole," akasema. Akasubiri. "Na hongera."

"Nimeshapoa," Issa akajibu. Ile ya pili hakuijibu.